Mama Mkubwa

Mama yao alipofariki, Margaret alikuwa na miaka kumi na mitano na Kahaso sita. Baba yao alikuwa mtu wa safari, leo yuko, kesho hayuko, na malezi yote yakamwangukia Margaret. Ndiye aliyemsuka Kahaso nywele, akamtoa funza, akamshika mkono kumpeleka shule, na siku Kahaso alipovunja ungo ndiye aliyemweka kando akamweleza. Hata walipokuwa watu wazima, kila mmoja na mume wake, Kahaso hakupitisha jambo bila kusema, "Ngoja kwanza nimuulize dada."

Kahaso aliolewa na Tsofa, dereva wa folklifti bandarini. Walipanga vyumba viwili Mikindani, wakazaa wasichana watatu mfululizo. Margaret aliolewa na Baya, msimamizi wa zamu katika kiwanda kimoja cha Changamwe, na yeye mwenyewe alikuwa mpokea simu katika kampuni ya mizigo. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni kazi yake ilikuwa kusema "Halo, subiri tafadhali" kwa sauti ambayo wateja waliisifu. Kiwanda kiliwapa nyumba ya vyumba vitatu huko huko Changamwe. Kimoja kilibaki na cherehani na mabegi tu.

Mimba tatu zilimtoka Margaret. Ya tatu, mwaka wa 1988, ilitoka na damu isiyokatika, na madaktari wakamwondoa kizazi ili waokoe roho. Alipozinduka, Baya alikuwa kando ya kitanda.

"Umepona," Baya alisema. "Hayo mengine tuyaache."

Na kusema haki, Baya aliyaacha. Hakumsimanga wala hakumrushia neno, hata watu wake wa Rabai walipoanza kuuliza maswali ya mzunguko. Asiyeweza kuyaacha alikuwa Margaret.

Mwishoni mwa mwaka wa 1991 alikwenda kwa daktari mmoja wa wanawake, mwenye zahanati yake kule kisiwani, kwa sababu ya kovu lililokuwa likimchoma. Walizungumza kwa kirefu. Daktari alimwambia kuwa siku hizi yapo mambo. Mume wake hana kasoro. Akipatikana mwanamke mwingine aliye tayari, mbegu za mume zaweza kuingizwa kwa bomba jembamba, papo hapo zahanatini. Watu wawili hao hawatakutana mwili.

"Ni mwanamke gani atakubali kubeba mtoto miezi tisa kisha amtoe?" Margaret aliuliza.

"Hilo mimi silijui," daktari alijibu. "Huwa ni ndugu."

Jumamosi hiyo alimkuta Kahaso juu ya mbuzi, anakuna nazi. Margaret alivuta kigoda akaketi, akaeleza yote kama alivyoelezwa, hakuongeza wala hakupunguza. Kahaso aliacha kukuna. Aliweka kifuu chini.

"Dada," alisema, "wewe ndiye uliyenilea. Ungeniomba jicho ningekupa. Lakini muulize Tsofa."

Tsofa aliulizwa sebuleni kwa Margaret, wanne wote wameketi. Alikuwa mtu mpole, mwenye kufikiri polepole, na alitaka kujua jambo moja tu. Aliliuliza mara mbili.

"Shemeji Baya hatamgusa mke wangu?"

"Hata kidole," Baya alisema.

"Basi mimi sina neno. Hawa watatu watutosha, na maisha ndiyo haya."

Baya akapendekeza waandikishane. Margaret ndiye aliyekataa. Alisema kuandikishana ni kwa watu wasioaminiana, na huyu ni mdogo wake wa tumbo moja. Alimimina chai, wakanywa.

Mara mbili bomba halikushika. Mara ya tatu, Aprili ya mwaka wa 1992, lilishika. Tangu siku hiyo Margaret alikuwa kama amepewa miguu mipya. Kila mwezi aliomba ruhusa kazini akampeleka Kahaso kliniki. Alimpikia matoborwa ya viazi vitamu na samaki wa kukaanga, akamfulia, akawachukua wale wasichana siku za Jumapili ili mama yao apumzike. Mtoto alipoanza kucheza, Kahaso alimshika mkono dada yake akauweka tumboni. "Huyo ni wako anakusalimia," alisema, wakacheka wote wawili mpaka machozi.

Wakili waliyemwendea mimba ilipofika miezi saba hakucheka. Alisema sheria ya mtoto wa namna hii hapa kwetu haipo. Anayezaa ndiye mama, na mume wake ndiye baba, basi. Njia ni moja. Mtoto akitimiza wiki sita, Kahaso na Tsofa watie sahihi ya kuridhia, nao Margaret na Baya waombe mahakama iwape ruhusa ya kumwasili, awe mtoto wao kisheria.

"Wiki sita," Margaret alisema walipokuwa wakishuka ngazi. "Ni arobaini tu hiyo. Mwacheni anyonye arobaini yake."

Mtoto alizaliwa Januari, asubuhi, baada ya uchungu wa saa kumi na moja. Margaret alikuwepo, amemshika Kahaso mgongo. Mkunga alipomwinua mtoto na kusema ni mwanamume, Margaret alipiga kigelegele pale pale wodini, na wagonjwa wengine wakamwitikia.

Muuguzi alikuja na fomu. "Jina la mama?"

"Kahaso."

"Jina la mume wako?"

Kahaso alimtazama dada yake. Margaret alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayesema lisikutie shida, karatasi hurekebishwa.

"Tsofa," Kahaso alisema, na muuguzi akaandika.

Kila jioni Margaret akitoka kazini alipitia Mikindani. Alimwogesha mtoto, akamkanda kwa mafuta ya nazi, akafua nepi na kuzianika. Baya alikwisha kumchagulia jina, Gona, la babake. Kwa kuwa mtoto alikuwa bado hajaasiliwa, Margaret hakulitaja kwa sauti. Alimnong'onezea tu sikioni. Kile chumba cha cherehani kilipakwa chokaa, kitanda cha mbao kikaletwa, na fundi aliyekileta aliambiwa ni siri.

Katika wiki ya tatu, mamake Tsofa aliwasili kutoka Kaloleni. Hakuna aliyemwita. Mtu wa kwao alimwona Tsofa sokoni, akasikia mkewe kajifungua mwanamume, naye akapeleka habari. Kikongwe alishuka na kuku wawili na mkungu wa ndizi, na hakukaa chini kwanza. Alimchukua mtoto mikononi mwa Margaret, akamfunua, akamtazama kutoka utosini hadi kidole cha mguu, kisha akaanza kulia.

Mume wake, Kenga, alikuwa amekufa miaka mitano iliyopita. Wajukuu wote waliozaliwa tangu hapo kwa wanawe walikuwa wa kike. Jina lilikuwa limekaa bila mtu.

"Kenga," alimwita mtoto. "Kenga, umerudi. Umechelewa, mume wangu, lakini umerudi."

Alisimama mlangoni, akamwaga maji kidogo kizingitini, akalitaja jina mara tatu na kuwaambia waliokufa kuwa limepata mwenyewe. Margaret alikuwa amesimama na kitambaa cha kuogea begani. Alimtazama Tsofa, akingoja aseme. Tsofa alikuwa akimtazama mamake, na uso wake Margaret hakuwa amepata kuuona namna ile.

"Mama," Margaret alianza, "huyu mtoto—"

"Dada, wacha," Tsofa alimkatiza kwa upole. "Nitamwambia mimi mwenyewe."

Hakumwambia siku ile, wala ya pili yake. Wiki sita zilipotimia, Margaret na Baya walifika wamevaa nguo zao za kanisani, na shali nyeupe ndani ya mfuko. Wakili alikuwa akiwangoja kisiwani. Tsofa aliwakaribisha vizuri. Alisema mamake ana presha, na habari kama hii kwa ghafla yaweza kumuua, basi wampe mwezi mmoja. Walimpa. Mwezi ulipoisha akaomba hadi Pasaka. Margaret alipokuja jioni, alikuta mtoto amekwisha kuogeshwa.

Aliamua kumwambia yule kikongwe yeye mwenyewe. Alimkuta peke yake uani, anachambua mchicha, akamwamkia, kisha akamweleza: kizazi kilivyotolewa, daktari, bomba, ahadi. Mamake Tsofa alisikiliza hadi mwisho, mikono yake haikusimama.

"Mwanangu," alisema, "mimi nimezaa tisa. Mtoto wa bomba sijamwona. Lakini tuseme ni kweli, wewe si mwongo. Jina nimekwisha kulitaja mbele ya koma, wazee wetu waliokufa. Nikawaambie nini? Kwamba nilikosea mtu, walirudishe?"

"Na mimi je, mama?"

Kikongwe alimtazama kwa huruma ya kweli. "Wewe ni dada mkubwa wa mamake. Si atakuita mama mkubwa? Umama utaupata. Wataka nini tena?"

Margaret alimfuata Kahaso chumbani. Mtoto alikuwa titini, mkono wake mdogo umeshika shanga za mama.

"Kahaso, niambie wewe. Yaache maneno ya watu."

Kahaso hakuinua macho. "Dada, ningemwahidi mtu mwingine, labda ningekuwa nadanganya. Kukupa wewe nilitaka. Wallahi nilitaka." Alikuwa Mkristo, lakini alikua na majirani Waislamu na kiapo hicho kilimtoka kila alipobanwa. "Nilikuahidi kitu nisichokijua. Nilizaa watatu, nikadhani nakijua."

"Na hao watatu unao. Mimi sina."

"Najua."

"Basi?"

"Nikimfikiria amelala kwako, maziwa yanatoka yenyewe. Nifanye nini na mwili huu, dada? Nifunze. Wewe ndiye uliyenifunza kila kitu."

Margaret alichukua mfuko wake, akatoka.

Kesi ilisikizwa mwaka uliofuata. Margaret hakutaka kumshtaki mdogo wake. Baya ndiye aliyesema, kwa mara ya kwanza tangu ndoa yao, kwamba safari hii neno lake ndilo litakalofuatwa. Basi wakavuka kwenda kisiwani asubuhi moja ya mvua, familia mbili katika benchi mbili, na yule mtoto wa mwaka mmoja akimwona Margaret ng'ambo ya chumba akamnyooshea mikono, kwa sababu alimjua.

Hakimu alikuwa mtu wa makamo, mstaarabu, mwenye kuandika kila neno kwa mkono.

"Ulikuwa umemwoa huyu mama?" alimuuliza Baya.

"Hapana, mheshimiwa."

"Ulilala naye?"

"Hapana."

"Basi mtoto ulimpataje?"

Watu waliokuja kungoja kesi zao walicheka. Baya, aliyekuwa akiamrisha wanaume arobaini kiwandani, alieleza habari ya bomba huku ameshika ukingo wa kizimba. Hakimu aliacha kuandika. Aliuliza kama kuna daktari wa kuthibitisha. Wakili alisoma barua: daktari yuko safarini nje ya nchi, na faili lake laonyesha tu kwamba bi Kahaso alipata matibabu ya uzazi. Damu ilikuwa imepimwa pia. Baya, Tsofa na mtoto wote walikuwa wa kundi moja, kwa hiyo damu nayo haikusema kitu.

Kisha Kahaso akaitwa. Margaret alikuwa amejiandaa kusikia uongo. Alikuwa hata anauombea, maana uongo angeweza kuuchukia.

"Bi Kahaso," wakili wa Margaret na Baya aliuliza, "ulimwahidi dada yako kwamba ukizaa utampa mtoto?"

"Nilimwahidi."

"Mtoto huyu ni wa mume wako?"

"Sikumpata kwa mume wangu. Nilimpata zahanatini, kama walivyosema."

Minong'ono ilienea. Tsofa aliinamisha kichwa. Hakimu aliuliza kwa sauti ya chini, "Sasa wasemaje, mama? Utatimiza ahadi?"

"Mkiniuliza kama niliahidi, niliahidi," Kahaso alisema, na machozi yalikuwa yakimdondoka kwenye kola ya gauni. "Lakini siwezi, bwana hakimu. Nimejaribu. Nilimfunga kwenye shali mara moja nikatoka naye hadi kituoni, nimpeleke. Gari likaja, likaenda. Likaja lingine. Siwezi."

Hukumu ilisomwa baada ya wiki tatu. Hakimu alisema amewaamini mashahidi wote, na kwamba hajapata kuona kesi ambayo pande zote mbili zasema kweli. Lakini Bunge halijatunga sheria ya jambo hili, naye hana mamlaka ya kuitunga. Mtoto amezaliwa ndani ya ndoa, na cheti chasema hivyo. Wahenga wa pwani walisema kitanda hakizai haramu, na sheria nayo haiko mbali na hapo. Ahadi ya kutoa mtoto haiwezi kulazimishwa na mahakama kama ahadi ya kuuza ng'ombe. Walalamishi wana ruhusa ya kuomba kumwasili siku yoyote wazazi watakaporidhia. Kuhusu Margaret alisema sentensi moja. Mahakama inamhurumia, lakini haijaona mahali pa kumweka: hakuzaa, si damu yake, na jina lake halimo katika karatasi yoyote.

Nje, mvua ilikuwa imekatika. Tsofa alimwendea Margaret akasema tu, "Dada, nyumba ni yako. Njoo wakati wowote." Alimaanisha. Hilo ndilo lililokuwa zito, kwamba alimaanisha.

Margaret alifikiri kuwa kilichobaki ni kuzoea. Hakujua kwamba mambo yalikuwa bado yanaendelea ndani ya nyumba yake mwenyewe. Baya alikuwa amebadilika. Zamani hakuwa na mtoto, akaishi nalo. Sasa alikuwa na mtoto ambaye hakuruhusiwa kumwita mwanawe. Alianza kupita Mikindani akitoka zamu, mara na machungwa, mara na mpira, akikaa mlangoni nusu saa akimtazama Kenga akikimbizana na dada zake. Majirani, waliokwisha kusikia ya mahakamani, wakaanza kusema. Tsofa alivumilia miezi minne, kisha akamwomba kwa heshima asifike tena asipokuwa na Margaret.

Na kule Rabai habari zilikuwa zimefika vilevile. Mbegu ya Baya nzima, imethibitika. Wakubwa wake walikuwa wameishia kwenye maswali miaka mingi kwa kutojua kasoro iko upande gani. Sasa walijua.

Baya mwenyewe alimwambia Margaret, hakumficha, Jumapili moja baada ya chakula cha mchana. Kuna msichana, binti wa rafiki ya mjomba wake. Ataishi huko huko Rabai. Yeye Margaret atabaki mke wa kwanza, mwenye nyumba yake na heshima yake.

"Miaka yote ile hukutaka," Margaret alisema.

"Sikutaka."

"Mimi ndiye niliyekuambia twende kwa daktari. Ulikuwa umetulia."

"Nilikuwa nimetulia kwa sababu sikuwa nimemwona," Baya alisema. Aliweka mikono juu ya meza, viganja juu. "Ana masikio ya babangu, Margaret. Nimekwisha kumwona. Siwezi kurudi kuwa mtu asiyemwona."

Margaret hakuona wa kumlaumu. Alikuwa ameijenga njia hii mwenyewe, jiwe kwa jiwe, na kila mtu aliyepita juu yake alipita kwa haki. Aliondoa sahani, akaziosha.

Yule msichana aliolewa Agosti. Kabla ya mwaka kuisha alikuwa mjamzito, na Baya akawa anakaa Rabai kila mwisho wa wiki.

Siku hizo ndipo Kahaso alipoanza kuja Changamwe siku za Jumamosi, na Kenga. Hakualikwa. Mara ya kwanza Margaret alimfungulia, akarudi kukaa. Kahaso akaketi sakafuni na ungo, akachambua mchele uliokuwa mezani, akaupika, wakala. Jumamosi iliyofuata alikuja tena. Yaliyopita hawakuyagusa. Walisema habari za bei ya unga, za msichana wa kwanza aliyeanza kusumbua, za baba yao aliyeonekana Malindi akiwa na mke mwingine. Kenga, ambaye sasa alikuwa wa miaka miwili unusu, alikuwa na tabia ya kuingia kile chumba cha chokaa nyeupe na kupanda juu ya kitanda cha mbao, ambacho hakuna aliyepata kuwa na moyo wa kukiuza.

Jumamosi moja alichoka mapema. Alimpandia Margaret mapajani akiwa ameshika kipande cha muhogo, akatafuna mara mbili tatu, akalala mdomo wazi. Margaret alimtoa kile kipande taratibu. Jasho lake lilikuwa limelowesha kifua cha gauni. Nje watu walikuwa wakitoka zamu ya mchana, na kengele ya kiwandani ililia, lakini mtoto hakushtuka.

Kahaso alikwisha kufunga leso yake na kuvaa ndala. Alisimama pale mlangoni kwa muda, akaangalia saa ya ukutani, akaangalia tena.

"Mwache alale kidogo," Margaret alisema.

"Ningemwacha, dada. Lakini baba yake anarudi saa kumi na moja, na akirudi humuulizia yeye kwanza."

Kahaso aliinama, akapitisha mkono chini ya shingo ya mtoto na mwingine chini ya magoti, akamwinua. Kichwa cha Kenga kilianguka begani kwake, na usingizi haukukatika. Margaret alinyanyuka, akamfungulia mlango kwa sababu Kahaso alikuwa na mikono miwili mizito, akasimama barazani hadi walipokata kona ya barabara ya Mikindani.